Mtoto anayejibu kwa kidole



Juma lililopita, kiisha kugawanya feza ya likelemba, mama mmoja alibaki nyuma akanishika mkono. "Madamu," akasema, "wewe ni mwalimu, unisaidie. Mtoto wangu ana haya kupita kiasi. Mgeni akiingia kwetu, yeye anakimbilia chumbani. Kwenye masomo wanasema hawajasikia sauti yake tangu Septemba. Nimpige ao nimuache?"

Nilimjibu haraka, kwa sauti ya kalasi: "Usimpige, usimuache. Umzoeze kidogo kidogo." Akashukuru, akaenda. Lakini nilipokuwa napanda kilima kurudi nyumbani (na ninyi mnaijua Bukavu, kila fasi unayoenda unapanda), ni mimi nilianza kuona haya. Jibu langu halikuwa baya. Ubaya ni kwamba nilimpa maneno machache juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe limenikamata zaidi ya miaka miwili, na ambalo nililikosea karibu kila hatua, pamoja na diploma yangu ya ISP. Kwa hiyo, mama yule, kama unasoma karatasi hii, jibu langu la kweli ni hili.

Mtoto wangu wa pili ana miaka saba. Jina lake sitaliandika. Nyumbani tunamuita Koko, juu alipewa jina la nyanya wangu. Nyumbani anaongea sana. Anagombana na kaka yake, anaimba akiosha sahani, anamsimulia baba yake ndoto zake mpaka uji unapoa. Lakini ukimtoa nje ya mlango, mdomo unafungwa. Mtu akimsalimia, anashika kikwembe changu na kuficha uso ndani yake.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namjibia. "Mtoto, jina lako nani?" Mimi: "Anaitwa fulani." "Una miaka ngapi?" Mimi: "Mitano." "Unapenda masomo?" Mimi: "Ee, anapenda sana." Kiisha naongeza, mbele yake, nikicheka: "Mumsamehe, huyu ana haya." Nilisema hivyo labda mara mia moja, na kila mara mtoto alikuwa anasikia. Mimi ambaye nalipwa kufundisha watoto wa wengine, nilimfundisha wangu kila siku kwamba yeye ni mtu asiyesema, na kwamba kuna mtu mwingine wa kusema kwa ajili yake.

Siku moja mtu huyo mwingine hakuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye soko la Kadutu, siku chache mbele ya kurudi masomo. Mnajua soko linavyokuwa mwisho wa Agosti, kila mzazi anatafuta shati nyeupe na nguo ya bluu, watu wanabanana, wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe. Niliachia mkono wa Koko ili nihesabu feza na kunyanyua mfuko wa unga. Nilipogeuka, hayupo.

Sitajaribu kuwaeleza saa ile. Mwenye kupitia jambo kama hilo analijua, na asiyelipitia namuombea asilijue. Nilikimbia huku na huku nikiita jina lake mpaka koo likakauka, na huku naita, nilikuwa najua moyoni kwamba namuita mtoto ambaye hataitika.

Alipatikana kiisha karibu saa moja na nusu. Alikuwa amekaa chini ya meza ya mama muuza vikwembe, si mbali na fasi niliyompotezea. Meza ile nilikuwa nimeipita mara mbili. Usiku aliniambia: "Nilikusikia, mama. Lakini watu walikuwa wengi."

Namna alivyopatikana, nilisimuliwa na yule mama mwenyewe. Alimkuta mtoto chini ya meza, akamuuliza jina lake. Kimya. Jina la mama yake. Kimya. Anakaa avenyu gani. Kimya. Watu wakaanza kukusanyika, kila mmoja na swali lake, mwingine akisema labda ni bubu, mwingine akisema apelekwe polisi. Mama yule akawafukuza wote. Akainama, hakumuangalia mtoto machoni, aliangalia vitambaa vyake. Akasema: "Mama yako amevaa kikwembe gani? Unionyeshe kwa hivi vyangu." Na Koko, aliyeshindwa kutaja jina lake mwenyewe, alitoa mkono chini ya meza akaonyesha kwa kidole kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano. Hakikuwa kilekile changu, lakini kilikaribiana nacho sana. Mama akampa kijana wake kitambaa kile: "Uende ukatafute mama mwenye kuvaa sawa na hiki, na mwenye kulia." Kijana alinikuta karibu na wauza sambaza.

Mtafikiri kwamba nilielewa palepale. Hapana. Nilichotoka nacho sokoni siku ile ni woga tu, na woga ulinifanya nikose vibaya zaidi. Nilijiambia: mtoto huyu atasema, apende asipende. Mwaka wa masomo ulipokaribia kwisha, walitafuta watoto wa maternele wa kukariri shairi kwenye sikukuu ya kufunga mwaka. Ni mimi niliyempeleka jina la Koko. Hakuna aliyenilazimisha. Kwa majuma matatu nilimfundisha kila jioni, na nyumbani alilisema lote bila kukosea hata neno, kama redio.

Siku yenyewe uwanja ulijaa wazazi. Walimpandisha juu ya kiti, wakamwekea mikro mdomoni. Akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa mstari wa nne, nikimfanyia ishara kwa mkono: sema, sema! Mdomo ulifunguka, haukutoa kitu. Kiisha nguo yake ikalowa, na maji yakashuka mpaka kwenye soksi zake nyeupe. Watoto walicheka. Wazazi wengine pia walicheka, na mmoja alikuwa anachukua picha na telefoni. Nilipita katikati ya viti nikamnyanyua, tukatoka.

Likizo ile yote hakumsalimia hata jirani yetu ambaye zamani alikuwa anampungia mkono. Tulirudi nyuma kuliko mwanzo, na aliyeturudisha ni mimi.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mama wa vikwembe sikuwahi kumshukuru vizuri. Siku ile ya soko nilimkamata mtoto wangu nikaenda mbio. Nilimpelekea sabuni na fungu la sombe, nikakaa kidogo kwenye benchi yake. Nikamuuliza namna alivyojua. Alicheka sana. "Madamu, kazi yangu ni hii miaka ishirini sasa. Kuna mteja anakuja na haya, anaogopa kuuliza bei. Huyo simuulizi unataka nini. Ninamwekea vitambaa viwili mbele yake ninanyamaza. Mkono wake utaenda wenyewe. Mkono ukishagusa, mdomo utafuata."

Pale ISP tulifundishwa juu ya Mrusi mmoja, Vygotsky, aliyekufa mwaka 1934. Alisema kwamba kuna mambo ambayo mtoto anayaweza peke yake, na mengine ambayo hayawezi hata akisaidiwa, na katikati kuna yale anayoyaweza mtu akimsaidia. Ni pale katikati fasi ya kufanyia kazi. Niliyaandika hayo kwenye mtihani na nikapata pwenti nzuri. Lakini kiti chenye mikro hakikuwa katikati, kilikuwa mbali kabisa ng'ambo ya pili. Na nilipokuwa namjibia kila swali, nilikuwa namfungia upande wa huku. Katikati hapo sikuwahi kupagusa hata siku moja, mpaka nilipokaa kwenye benchi ya muuza vikwembe.

Tulianzia kwenye butiki ya chini, ile ya kwenye kona yetu. Kwanza niliongea na mwenye butiki peke yangu, nikamuomba jambo moja: mtoto akija, asimuulize habari, asimwambie "mbona unanyamaza", amhudumie tu kama mteja. Alikubali.

Majuma mawili ya kwanza tulienda pamoja. Mimi nasema tunachotaka, Koko anatoa feza. Mkono wake tu. Kiisha nikampa chupa tupu ya mafuta aibebe. Chupa tupu ni kitu kizuri sana, wamama, juu inaomba yenyewe. Ukiiweka mezani, muuzaji anajua umekuja kutafuta nini. Koko anaweka chupa, muuzaji anauliza: "Nusu ao mzima?" Inabaki neno moja la kusema. Siku za kwanza alijibu kwa vidole. Mwenye butiki aliviheshimu vidole vile, na namshukuru. Siku moja ya Oktoba, mimi nikiwa nimesimama mlangoni nikiangalia barabara, nilisikia nyuma yangu sauti kama ya panya: "Nusu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Sikupiga, juu nilikuwa nimeshakosa hapo pia. Mwanzoni, kila akifanya jambo kidogo, nilimsifu mbele ya watu wote: "Mumuone Koko wangu leo!" Na kila mara, kesho yake alikataa kurudia. Mtoto mwenye haya, ukimsifu kwa kelele, unawageuza watu wote wamuangalie, na hilo ndilo hasa analoliogopa. Nilimwambia tu: "Asante kwa mafuta." Usiku, taa ikiwa imezimwa, nikamuuliza namna muuzaji alivyojibu, na akanisimulia yote mpaka akalala.

Kiisha nikasimama ng'ambo ya barabara. Kiisha kwenye ngazi zetu, pale anaponiona akigeuka. Usifikiri ilipanda tu bila kushuka. Mwezi wa Novemba alirudi na chupa tupu akilia: watu wazima walimpita mbele, mmoja kwa mmoja, na yeye akasimama pale mpaka akachoka. Damu ilinichemka. Nilitaka kushuka na kuwaambia watu wale maneno. Lakini ningefanya hivyo, ningerudi kuwa mdomo wake.

Jioni ile tulicheza butiki nyumbani. Baba ya watoto alikuwa muuzaji, maharagwe yalikuwa feza, na kaka yake Koko alipewa kazi ya kuwa mteja mbaya anayejipenyeza mbele. Kazi hiyo aliifanya kwa furaha kubwa, hakuhitaji mafunzo. Tulimtafutia Koko maneno ya kusema, mafupi, yasiyo na matusi: "Papa, ni mimi nilifika wa kwanza." Alimwambia kaka yake mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, mara ya tano kwa hasira ya kweli, tukacheka wote. Zilipita siku tatu. Siku ya nne mwenye butiki aliniita nikipita: "Mama wa Koko! Leo ulimi umetoka."

Jambo lingine lililotusaidia ni kufika mapema. Zamani tukialikwa kwenye sikukuu ya ndoa tulikuwa tunafika watu wakiwa wamejaa, muziki unapiga, na mtoto anaingia mlangoni macho ya watu yakimgeukia. Sasa ninamwambia siku mbili mbele: tutaenda fasi fulani, kutakuwa na muziki wa nguvu, watu watakushika shavu, mimi nitakuwa nimekaa upande huu. Kiisha tunaenda viti vikiwa bado vinapangwa. Ninamuombea kazi: kupanga sahani, kupeleka vikombe. Wageni wanapoanza kuingia, yeye ameshakuwa mwenyeji, na mikono yake inajua cha kufanya. Mtoto mwenye haya akiwa na kitu mkononi, anavumilia macho ya watu kuliko akiwa amesimama mikono mitupu.

Nyumbani kwetu si wote waliokubali. Mama mkwe wangu aliniita siku moja, akanikalisha. "Mama Mwalimu, haya ni pambo la msichana. Huyu mtoto ana adabu, wewe unataka kumfanya awe mwenye kupayuka." Namheshimu sana mama huyu, na neno lake lilinikaa kichwani. Ni kweli, mtoto anayeinamisha macho akisalimia mkubwa hana ugonjwa, na mimi sitaki mtoto anayekata maneno ya wazee. Nilimjibu kwa swali: "Mama, je, Koko ananyamaza juu anaheshimu, ao juu hawezi? Tumbo likimuuma kwenye masomo, atasema? Mtu mzima akimshika vibaya, atasema?"

Alinyamaza muda mrefu, akitoa mawe kwenye maharagwe. Kiisha akanisimulia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Alipokuwa bibi harusi kijana, mwenye mimba ya kwanza, alianza kutoka damu. Aliona haya kumwambia mama mkwe wake. Alinyamaza siku tatu. Mtoto yule hakuzaliwa. Sikujua la kujibu, nikamsaidia tu kutoa mawe. Toka siku ile ni yeye anayemtuma Koko kwa majirani: "Uende umwambie Mama fulani kwamba nimemsalimia, na uniletee jibu lake." Anamtuma kila siku, hata wakati hana salamu yoyote ya kutuma.

Wamama wengine wataniuliza, na ni haki yao: kwa mji kama wetu, wakati huu, je, tunataka watoto wanaoongea na kila mtu? Sivyo. Nilimfundisha Koko asiende na mtu asiyemjua, hata akipewa bombo. Lakini nilimfundisha pia nani wa kumwendea. Akipotea, asimame, asikimbie. Atafute mama mwenye meza, anayeuza, juu mama mwenye meza haondoki. Aseme jina la mama, la baba, na la avenyu. Namba ya telefoni ya baba tuliitungia wimbo, na tunauimba tukiosha vyombo. Kama maneno yakikataa kutoka, ana kikaratasi mfukoni alichokiandika mwenyewe, akitoe akionyeshe. Anaweza kujibu kwa kidole, ilimradi ajibu.

Sasa niseme kidogo juu ya kalasi zetu, juu mama yule aliniambia mwalimu hajasikia sauti ya mtoto wake. Tangu masomo ya msingi yawe bila malipo mwaka 2019, kalasi zimejaa. Mimi mwaka huu nina watoto 84. Nitakiri jambo: kwa mwalimu aliyechoka, mtoto asiyesema ni zawadi. Hasumbui. Unaweza kufika Pasaka bila kujua kama anaelewa. Mama, uende umuone mwalimu, si kwa ugomvi, umwambie tu mtoto wako anapenda nini na nyumbani anaongea namna gani. Toka siku ile atakuwa na uso kichwani mwa mwalimu.

Tena si kila ukimya ni haya. Mtoto anatoka nyumbani na Kiswahili na Kimashi, anaulizwa kwa Kifaransa, afanye nini? Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu zitumike kufundishia, lakini wazazi wengine ndio wanaotukataza, wanasema hawakulipa nguo za masomo ili mtoto asikie Kiswahili. Mimi ninauliza kwanza kwa Kiswahili, jibu likishapatikana ndipo natoa sentensi ya Kifaransa ya kulibeba. Na sianzi na mdomo. Kila mtoto anaandika jibu kwenye kibao chake kidogo, anakiinua. Kiisha anamnong'onezea jirani yake wa benchi. Ndipo naomba mmoja aseme kwa sauti. Kuna kijana mmoja niliyemdhania mzito wa kichwa mpaka vibao vilipoanza kuinuliwa. Alikuwa anapata karibu kila hesabu.

Kuna kimya ambacho hakingoji butiki wala chupa. Mtoto ambaye masikio yanatoa usaha, ao anayekujibu tu akiwa anaona mdomo wako: umpeleke kituo cha afya, labda hasikii. Mtoto anayeongea nyumbani lakini nje hatoi hata neno moja, mwezi kiisha mwezi, naye usingoje akue, uulize muganga pamoja na mwalimu wake. Na mtoto aliyekuwa anaongea, akanyamaza ghafla, ao akaanza kukataa fasi fulani ao mtu fulani: hiyo usiite haya hata siku moja. Kuna jambo limempata. Ukae naye, ungoje, umuamini.

Desemba iliyopita tulienda Idjwi, kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa kule. Koko hakuwahi kupanda boti. Juma zima mbele tulichora boti, tukachora mawimbi, nikamwambia ukweli: itatikisika, labda utatapika. Alitapika kweli, juu ya kikwembe changu kilekile cha kijani. Tulipofika, binamu zake walikuwa wanaongea Kihavu kwa mbio, na kwa siku mbili alikaa nyuma ya nyumba na mbuzi. Dada yangu alitaka kumvuta aje acheze. Nilimuomba amuache, ampe tu kazi. Siku ya tatu alipewa majani ya kuwalisha mbuzi, pamoja na binamu wa umri wake. Siku ya nne, tukiwa tunamenya mihogo, tulisikia mtu anafoka kwa nguvu nyuma ya nyumba. Dada yangu akauliza: "Ni nani huyo?" Ni Koko alikuwa anamgombeza mbuzi kwa Kihavu.

Wakati wa kurudi, mtu wa boti alikuwa anahesabu watoto, akamuonyesha Koko akauliza: "Huyu ni wa nani?" Nilifungua mdomo. Ni mazoea ya zamani, hayaishi upesi. Koko akanibana mkono. "Ni wa mama huyu," akasema. Bwana yule hakusikia juu ya motere, akauliza tena. Koko akarudia.

Msifikiri amegeuka mtoto mwingine. Bado kwenye watu wengi anashika kikwembe changu, na shairi mbele ya mikro sijamuomba tena, sijui kama nitamuomba. Mwaka huu mwalimu wake aliuliza ni nani atakayefuta ubao, na yeye akainua mkono. Mkono tu. Mimi inanitosha.

Jumamosi hii atakuja pamoja nami kwenye mkutano wetu, atakuwa na sahani ya karanga za kuuza kwa ajili ya kisanduku cha chama. Kikombe kimoja ni franka 500. Nawaomba, msimuulize kwa nini hasemi, wala msimwambie aseme kwa nguvu. Onyesheni kikombe mnachotaka, mtoe feza, mngoje awarudishie inayobaki. Anahesabu polepole lakini hakosei. Na wewe mama uliyeniuliza, uje na wako. Nitaleta sahani mbili.